Karatasi za Kuhamisha Vyombo



Tangu Wilaya ya Kyerwa ilipotengwa na Karagwe mwaka 2012, wenzetu wengi wamepata barua za uhamisho za kwenda upande huu na upande huu: mwalimu wa Murongo ahamia Kayanga, mwuguzi wa Nyaishozi apelekwa Kaisho, karani wa Nkwenda aitwa Bukoba. Barua hiyo mtumishi huisoma mara tatu nne. Lakini karatasi aletewayo na mwenye lori asubuhi ya kupakia huitia sahihi amesimama, mkono mmoja umeshika kuku, wala hajui alilolikubali. Hilo ndilo shauri tutakalo kulinena leo.

Karatasi ya kwanza ni ya bei, na neno la kuangaliwa humo ni "kadirio". Kadirio si bei. Aliyeandika kadirio amejiachia mlango wa kuongeza: mvua imenyesha, lori limekwama kilimani, vyombo vimezidi, vibarua wa kushusha wataka chao. Bei iliyokatwa huandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, pamoja na mahali pa kuanzia, mahali pa kuishia, na nani alipaye vibarua. Tena iandikwe kama mtumishi amekodi lori zima ama nafasi tu. Wakati wa kahawa na maharage wenye malori wapenda kupakia vyombo vya mtu juu ya magunia ya mtu mwingine, na aliyedhani amelipia lori zima hukuta kabati lake limelalia gunia, nalo lori lapita kwanza Omurushaka kushusha mzigo usio wake.

Jina lililo juu ya karatasi nalo litazamwe. Mara nyingi ni la dalali, na dalali hana lori. Magari ya mizigo ya biashara huwa na leseni ya LATRA, mamlaka iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2019 mahali pa SUMATRA. Basi si utovu wa adabu kuomba kuiona leseni hiyo na kulinganisha jina na namba ya gari. Atakayekasirika kwa kuulizwa hivyo afaa kuachwa na lori lake.

Sasa twafika penye maneno madogo ya chini, yaliyopigwa chapa hafifu: "Mizigo husafirishwa kwa hatari ya mwenye mali." Haya ndiyo yenye uzito kuliko yote. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, yamtaka aliyekabidhiwa mali ya mtu aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida atunzavyo mali yake mwenyewe ya namna hiyo. Ulinzi huo mtumishi anao hata kama hakuandikiana na mtu. Akiyatia sahihi maneno yale, ampa mwenye lori ngao ya kujikingia siku ya kudaiwa. Twashauri yakatwe kwa kalamu, wote wawili watie sahihi kando ya mstari, na nakala ya kaboni ikatwe vivyo hivyo. Mwenye lori akikataa, bado kuna kusemezana: aandike walau kwamba hasara ya uzembe wa dereva na ya kulowa kwa kukosa turubai ni juu yake.

Wengine hutulizwa kwa kuambiwa, "Gari lina bima." Ni kweli, kwa maana sheria yalazimisha bima. Lakini bima ya lazima ni ya kifo na majeraha ya watu wengine. Haigusi kitanda wala cherehani iliyo ndani ya lori. Bima ya mizigo ni nyingine, ina hati yake, na mtumishi aombe kuiona.

Orodha ya vyombo wengi huidharau. Sisi wa Kagera hatukupaswa kuidharau orodha ya namna yo yote, maana meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei, 1996, abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Kwa vyombo tusiandike "masanduku sita". Tuandike kilichomo, na hali yake: "meza moja, mguu mmoja una ufa." Dereva atie sahihi kabla injini haijawashwa. Picha za simu zafaa, lakini hazikai badala ya sahihi.

Aliyehamishwa kwa manufaa ya kazi hudai gharama kwa mwajiri wake; aliyeomba mwenyewe hujilipia. Basi yule wa kwanza asikubali kipande cha daftari. Adai stakabadhi ya mashine ya kodi, yenye jina lake na tarehe, kwa kuwa madai yasiyo na stakabadhi ndiyo yanayolala mafailini mwaka baada ya mwaka.

Lori likifika usiku, kama ilivyo kawaida ya njia zetu, dereva huharakisha apate sahihi ya kupokea arudi zake. Taa ni hafifu, watoto wanasinzia, na masanduku yamefungwa. Mtumishi asiandike "vimefika salama". Aandike: "Vimepokewa usiku, saa fulani, bado kukaguliwa." Kisha kesho yake afungue mbele ya jirani, na kilichovunjika akipeleke kwa barua siku iyo hiyo, nakala abaki nayo.