Machi ya Hornøya
Mpiga picha anayesubiri Juni ndipo aende Hornøya, kisiwa kidogo mbele ya mji wa Vardø, kaskazini-mashariki mwa Norwei, amechelewa. Aende Machi, theluji ingali miambani na ndege wa baharini wanarejea kwa maelfu kuzaliana. Jua huko halipandi juu. Ule mwanga wa ubavuni unaotutoroka Mombasa kabla ya saa mbili asubuhi, huko hudumu karibu mchana kutwa. Kamera ikiachiwa iamue yenyewe huigeuza theluji kijivu, basi aongeze mwanga kwa makusudi. Betri ya akiba ikae kifuani, chini ya koti, kwani baridi humaliza chaji upesi. Wengi humkimbilia ndege aitwaye pafini kwa mdomo wake wa rangi (kadi za posta zimemchosha, masikini). Mimi ningewapiga picha ndege waitwao gilemoti, weusi mgongoni na weupe tumboni, theluji ikiwaangukia.