Skrubu Ikikatika, Asikatwe Fundi



Skrubu ya shaba ikikatika ndani ya mvule, msimamizi hupiga kelele: "Umeharibu! Utakatwa mshahara!" Hiyo si haki. Mvule ni mgumu, shaba ni laini. Yafaa tundu litobolewe kwanza kwa keekee, skrubu ya chuma ifungue njia, ndipo ya shaba ipakwe nta na kuingizwa. Fundi asiyepewa keekee afanye nini?

Kuitoa pia kunataka zana. Ukichokoa kwa patasi utapasua mbao. Chukua kipande cha bomba jembamba la chuma, tundu lake lipite skrubu kidogo kwa upana. Kichonge meno mdomoni, kitie kwenye keekee, zungusha polepole mpaka mwisho wa skrubu. Ing'oe pamoja na mbao iliyoishika, kisha ziba kwa kijiti cha mvule na gundi. Vaa miwani.

Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema mshahara haukatwi ila kwa masharti ya sheria, mapatano ya chama na mwajiri, au uamuzi wa usuluhishi. Hasira ya msimamizi haimo. Ndugu, tudai zana kwanza!