INTANETI INA FAIDA GANI KIJIJINI?

Wazazi wengi huuliza: "Huo mtandao mnaoutaja kila siku, sisi watu wa jembe utatufaa nini? Watoto twawaona wanatazama vichekesho tu, na bando linakwisha." Swali hilo ni la haki, wala si la kuchekwa. Vichekesho vipo, na bando hukwisha kweli. Lakini yafaa tupambanue mambo, maana iko kazi moja ya mtandao ambayo mtu wa kijijini aihitaji kuliko hata mtu wa mjini, nayo ni kumpunguzia safari.

Kwanza tujue ni kitu gani. Wengi wadhani kwamba mtandao hushuka kutoka angani. Kwa sehemu kubwa sivyo. Simu yako husema na mnara ulio kilimani, mnara husema na mitambo ya mijini, na kutoka Dar es Salaam habari hupita katika nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Ndani yake mna nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, na habari husafiri humo kwa njia ya mwanga. Waya uitwao SEACOM ulianza kazi mwaka 2009, na ule wa EASSy mwaka 2010. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, na bei yake ilikuwa ya matajiri.

Tena, kutuma fedha kwa kubonyeza nyota na alama ya reli si intaneti. Hiyo ni huduma ya kampuni ya simu, nayo hufanya kazi hata bila bando, hata kwa simu ndogo ya vitufe. Basi mama mwenye simu ya vitufe asijione kwamba ameachwa nyuma na dunia.

Haya, faida zake. Wengine huutumia mtandao bila kuugusa. Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi ni mfano. Tangu msimu wa 2024 korosho zao huuzwa kwa mnada wa mtandao, kwa mitambo ya Soko la Bidhaa Tanzania, yaani TMX. Mkulima hupeleka korosho kwenye chama chake cha msingi, hupimwa, huingia ghalani, na mnunuzi aliye mbali hutaja bei kwa kompyuta. Wakulima waliokutanika husikia bei hiyo siku ile ile, wakaikubali au wakaikataa. Huenda wengi wao hawana simu ya mtandao kabisa.

Wafanyabiashara wadogo nao wana njia zao. Seremala hupiga picha ya kitanda alichomaliza akaituma kwa WhatsApp kwa mteja aliye mjini. Mwenye duka huuliza bei ya jumla Kariakoo kabla ya kupanda basi. Hayo ni mazuri, ila asitume fedha kwa mtu asiyemjua kwa sababu ya picha tu. Picha ya magunia si magunia.

Lakini jambo ninalotaka mlishike leo lawahusu watoto wenu. Matokeo ya kidato cha nne na cha sita hutolewa na Baraza la Mitihani katika tovuti yake, na kuyatazama hakuna ada, ila bando tu. Hilo ni jepesi. Zito ni la mikopo ya masomo ya juu. Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, siku hizi hupokea maombi kwa njia ya mtandao. Mtoto wa mkulima akikosea hapo, huenda chuo kikampita ingawa kichwa chake ni kizuri.

Tazameni kazi ilivyo. Mwombaji ahitaji namba ya mtihani wa kidato cha nne, cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, tena kwa mtandao, picha, na mdhamini. Kama baba au mama amefariki, cheti cha kifo chatakiwa, nacho pia kihakikiwe. Kisha fomu huchapishwa, hupelekwa kwa viongozi wa kijiji na kwa hakimu au wakili ili watie sahihi na mihuri, halafu hupigwa skani na kurudishwa mtandaoni. Mtu ambaye cheti chake kimepotea hawezi kumaliza hayo kwa siku mbili. (Wasio na cheti cha kuzaliwa kabisa, cheti cha ubatizo ni mojawapo ya karatasi zinazosaidia kuthibitisha umri wakati wa kuandikishwa. Msikitupe.)

Basi hutokea nini? Kijana hupewa nauli, mara nyingine baada ya mbuzi kuuzwa, akaenda stesheneri mjini. Mwenye duka ana watu arobaini mlangoni. Ili kazi iende upesi, huandika namba yake mwenyewe ya simu, baruapepe yake mwenyewe, na neno la siri alilolichagua yeye. Kijana hulipa, hupewa karatasi, hurudi nyumbani akifurahi. Baadaye Bodi yatangaza kwamba wenye kasoro katika maombi wasahihishe kwa siku kadhaa. Ujumbe wafika kwa mwenye duka, naye hamkumbuki tena kijana yule. Ama kijana asikia habari hiyo redioni, lakini hawezi kufungua maombi yake mwenyewe kwa sababu hana ufunguo. Nimeliona hilo kwa vijana zaidi ya mmoja. Sisemi wenye maduka ni wezi. Wengi ni watu wema wenye haraka. Lakini mlango uliofungwa na mwingine, akaondoka na ufunguo, ni mlango uliofungwa tu.

Kwa hiyo, baba au mama, mtoto asitoke nyumbani bila laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake au jina lako, na iwe ndiyo inayoandikwa. Baruapepe afunguliwe yake, ni bure. Neno la siri alichague na kuliandika mwenyewe. Daftari hilo likae pamoja na vyeti, lisikae dukani. Kabla ya kulipa aombe kuyafungua maombi kwa mkono wake, mwenye duka akiwa pembeni. Akikataliwa, aende duka jingine.

Tena msingoje siku ya mwisho. Mwezi wa Mei 2024 nyaya zile mbili nilizozitaja zilikatika baharini upande wa kusini, na Tanzania ilikaa siku kadhaa na mtandao dhaifu. Hata nyaya zisipokatika, siku ya mwisho watu huwa wengi mno, na tovuti huwa nzito kama mkokoteni wenye mawe.

Mzee mmoja aliniuliza: laini isipotumika muda mrefu, namba yake huenda wapi? Hufungwa, na baadaye kampuni yaweza kumpa mtu mwingine. Basi laini iliyoandikwa kwenye maombi isilale sandukuni. Itieni vocha kidogo na kuitumia, mpaka mtoto amalize chuo.