Supu ya Vitunguu ya Wafaransa, Presha Kuka na Uongo wa Dakika 10

Kuna uongo ambao umechapishwa kwenye vitabu vya mapishi, majarida na magazeti kwa miaka mingi, na mimi kama mwandishi wa habari sijawahi kuona mhariri aliyeuombea radhi. Uongo wenyewe unasema: kata vitunguu, tia kwenye siagi, koroga kwa dakika 10 mpaka viwe vya kahawia na vitamu. Hapo ndipo inapoanzia supu ya vitunguu ya Wafaransa, na hapo hapo ndipo wengi wanapoiharibu kisha wakajiona wao ndio hawajui kupika.

Ngoja nieleweke. Sizungumzii vitunguu vya biriani. Vile vinaogelea kwenye mafuta ya moto, vinakauka haraka na kazi imekwisha. Vya supu hii vinatakiwa vinyauke taratibu, vitoe maji, vilainike mpaka vikaribie kuwa jemu, ndipo vishike rangi. Kitunguu ni maji kwa karibu asilimia 90. Maji hayo yakiwa bado yapo, joto la ndani ya sufuria linaganda kwenye nyuzi 100 hivi, na kwa joto hilo rangi ya kahawia inakuja kwa kusuasua. Ukiongeza moto ili uwahi, ncha zinaungua wakati katikati bado pabichi, na supu inakuwa chungu.

Mwaka 2012 mwandishi mmoja wa Marekani, Tom Scocca, aliandika kwenye jarida la mtandaoni la Slate akiwauliza waandishi wa mapishi kwa nini wanadanganya kuhusu muda huu. Kilichofuata kilinichekesha na kunitisha kwa pamoja. Mwaka 2017 Scocca huyo huyo aligundua kwamba ukiiuliza Google vitunguu hivyo vinachukua muda gani, ilikuwa inakujibu kama dakika 5, na chanzo ilichokitaja ni makala yake yeye! Mashine ilichomoa maneno aliyoyanukuu ili ayakosoe, ikayafanya yawe ushahidi wake. Waandishi wenzangu mnaonisoma, mnaelewa maumivu hayo.

Si wote waliodanganya. Julia Child na wenzake wawili, Simone Beck na Louisette Bertholle, walipotoa kitabu chao cha upishi wa Kifaransa mwaka 1961 walisema wazi: dakika 15 sufuria ikiwa imefunikwa, halafu nyingine 30 hadi 40 ikiwa wazi huku unakoroga. Baada ya hapo ndipo unatia unga kidogo, mchuzi wa nyama au mifupa, na kuchemsha tena zaidi ya nusu saa. Piga hesabu mwenyewe.

Sasa ndipo inapoingia presha kuka, na ndipo ugomvi unapoanza. Upande mmoja wapo wenye kuilinda supu hii, wanaosema kuipika kwenye presha kuka ni kuitukana. Upande wa pili wapo wanaokuahidi supu nzima kwa nusu saa, ukae zako kwenye kochi. Mimi siko upande wowote kati ya hizo mbili.

Nianze na hao wa heshima. Supu hii sifa yake kubwa mjini Paris ilitokana na soko la Les Halles, ambako wachukuzi na wachuuzi waliinywa usiku wa manane na alfajiri, baridi imewakaa mwilini, kabla ya soko la jumla kuhamishiwa Rungis mwaka 1969. Kitunguu, mkate mkavu wa jana, jibini juu. Hicho ni chakula cha watu wenye kazi nyingi na hela chache, na watu wa namna hiyo hawajawahi kukataa kifaa kinachookoa moto.

Halafu hebu niulize, hiyo presha kuka ilivumbuliwa na nani? Na Mfaransa! Denis Papin, mzaliwa wa eneo la Blois, ndiye aliyetengeneza chungu cha kwanza cha kufungia mvuke mwaka 1679, akiwa London, na ndiye aliyekiwekea vali ya usalama kisiwalipukie watu. Kazi aliyokinadi nayo ilikuwa kulainisha mifupa. Mwaka 1682 waungwana wa Royal Society walikula chakula kilichopikwa humo. Na tangu kampuni ya SEB ilipoingiza yake sokoni mwaka 1953, chungu hicho ni cha kawaida kabisa majikoni mwa Wafaransa. Kwa hiyo anayetukanwa hapa ni nani hasa?

Neno mifupa nimelitaja makusudi. Watu wanabishana kuhusu vitunguu wakati kazi nzuri kuliko zote ambayo presha kuka inaifanyia supu hii ni ule mchuzi. Mifupa ya ng'ombe ambayo kwenye sufuria ya kawaida ungeichemsha nusu siku, humu saa moja hadi moja na nusu inatosha. Sisi tuliokulia kwenye supu ya asubuhi na chapati tunajua mchuzi mzito una thamani gani. Mchuzi wa kidonge cha dukani hauwezi kuibeba supu hii, hata vitunguu vyako viwe vizuri vipi.

Tukija kwenye vitunguu vyenyewe, presha kuka inasaidia, ila si kwa namna inavyotangazwa. Ndani yake maji huchemka kwenye nyuzi 120 hivi badala ya 100, na hilo linaharakisha utamu na rangi. Lakini mfuniko uliobana hautoi maji. Ukifungua utakuta vitunguu vilaini vinaogelea kwenye maji yake yenyewe, vya rangi ya chai ya maziwa. Wengi wanaishia hapo, wanamimina mchuzi juu, kisha wanashangaa mbona supu imepooza.

Ninavyofanya mimi: kilo moja na robo ya vitunguu, vipande vyembamba, siagi kama gramu 80, chumvi, na bekingi soda nusu kijiko cha chai, isizidi. Bekingi soda inafanya kazi ya kindugu na magadi tunayotia kwenye maharage, na zaidi ya kulainisha inaharakisha rangi ya kahawia. Ukizidisha, supu inaonja sabuni. Navikoroga kwanza bila mfuniko mpaka vitoe maji, nafunga, nahesabu dakika 20 tangu presha ipande. Nikifungua naongeza moto na kukoroga bila kuondoka, dakika 10 mpaka 15, mpaka maji yaishe na chini ya sufuria paanze kushika. Hizo dakika za mwisho ndizo supu yenyewe, na hakuna chungu kitakachokufanyia.

Jumla, pamoja na kusubiri presha ipande na ishuke, ni kama saa moja. Umeokoa nini basi? Umeokoa kusimama jikoni na kiasi cha gesi, maana muda mwingi moto unakuwa mdogo. Kwa anayenunua mtungi kwa mshahara wake hiyo si hoja ndogo. Tanzania ina mkakati uliozinduliwa 2024 unaotaka asilimia 80 ya watu wapikie nishati safi ifikapo 2034, na majiko ya presha ya umeme yananadiwa kila kona. Ni vifaa vizuri, navitetea. Ila muuzaji akikwambia kitu fulani kinaiva kwa dakika 20, muulize anaanza kuhesabu saa ngapi. Mara nyingi zile dakika za kupanda na kushuka kwa presha hazimo, na mama aliyenunua kwa mkopo ndiye atakayezigundua, watoto wakiwa wamekaa na sahani.

Kuhusu mkate na jibini la juu, presha kuka haina msaada. Kama huna oveni, weka jibini juu ya mkate kwenye kikaango, funika moto uwe mdogo mpaka liyeyuke, kisha laza juu ya bakuli. Mfaransa atanuna, muache anune.

Anayebisha aje, ila aje na saa mkononi.