Afya ya Nyumba Zetu: Mama Aliyewahi Kupata Kifafa cha Mimba Asingoje

Mwezi huu twataka kuzungumza na kila nyumba iliyo na mama aliyewahi kupandwa na presha alipokuwa mjamzito, au aliyewahi kushikwa na kifafa cha mimba, naye sasa anataraji mtoto mwingine. Neno letu kwake ni moja, nalo tutalieleza: asingoje tumbo lionekane ndipo aende kliniki. Iko dawa ndogo ya kumkinga, lakini dawa hiyo ina wakati wake, na wakati huo ukipita haurudi.

Kwanza yafaa tuufahamu ugonjwa wenyewe. Mimba inapopita majuma 20, wako akina mama ambao presha yao hupanda ikafika 140 kwa 90 au zaidi, na protini ikaonekana katika mkojo, au figo na ini vikaanza kudhurika. Hali hiyo ndiyo inayotangulia kifafa cha mimba. Mara nyingi mama mwenyewe hasikii kitu. Hupika, huenda sokoni, hucheka na jirani zake, ilhali hatari imo mwilini mwake. Ikiachwa, huweza kuleta kifafa chenyewe, kuvuja kwa damu katika ubongo, kufa kwa mtoto tumboni, na kufa kwa mama. Wako wanaodhani kuwa kutukutika kule ni shetani aliyempanda, wakaanza kutafuta mtu wa kumpunga. Saa zinazopotea hapo ndizo saa ambazo hospitali ingeweza kumwokoa.

Asili ya ugonjwa imo katika kondo, yaani ile nyama inayomlisha mtoto tumboni. Katika miezi ya mwanzo kondo hujishikiza katika ukuta wa tumbo la uzazi, na mishipa ya damu ya mama mahali pale hupanuka ili damu ipite kwa wingi. Kwa wengine mishipa hiyo haipanuki sawasawa. Basi kondo hukosa damu ya kutosha, nalo hutoa katika damu ya mama vitu vinavyodhuru mishipa ya mwili mzima. Kazi ile ya kupanuka huwa imekwisha kwa sehemu kubwa mimba inapofikia majuma 20. Kwa hiyo anayetaka kuisaidia hana budi kuisaidia mapema, kama vile mjenzi anyooshavyo ukuta ungali mbichi.

Ni nani aliye katika hatari kubwa? Jawabu moja limetoka karibu nasi, huko Moshi, mwendo wa kilomita zipatazo 80 kutoka Arusha. Hospitali ya KCMC ina daftari ambamo uzazi wa pale huandikwa, na uchunguzi wa daftari hilo uliochapishwa mwaka 2013 uliwatazama akina mama wapatao 3,900 waliorudi kujifungua tena. Waliokuwa wamepata ugonjwa huu katika uzazi wa nyuma, robo yao waliupata tena. Hatari yao ilikuwa kama mara 9 ya wale ambao hawakuupata. Mama wa namna hii basi asiambiwe kwamba yaliyopita si ndwele. Katika jambo hili yaliyopita ni onyo.

Wengine walio katika hatari kubwa ni mwenye presha ya siku zote, mwenye kisukari, mwenye ugonjwa wa figo, na mwenye mimba ya mapacha au zaidi. Hali kadhalika daktari huangalia mambo madogo yanapokutana kwa mtu mmoja: mimba ya kwanza, umri uliozidi miaka 35, unene mwingi, au mama mzazi au dada aliyepata kuugua hivyo.

Dawa tunayoitaja si ngeni. Ni aspirini, ile ile ambayo wazee wetu waliinunua kwa ajili ya kichwa, nayo imekuwa ikiuzwa duniani tangu mwaka 1899. Ikitumiwa kwa kiasi kidogo kila siku, huzifanya zile chembe za damu zinazogandisha zisishikamane upesi, na damu ikapita vyema zaidi kwenye kondo. Mwaka 1979 madaktari waliandika kwamba wajawazito waliozoea kumeza aspirini walionekana kupatwa kidogo na ugonjwa huu. Mwaka 1985 ukatoka Paris uchunguzi uliotia watu tumaini. Kisha mwaka 1994 jaribio la akina mama zaidi ya 9,000, waliopewa miligramu 60, likaonyesha faida ndogo tu, na wengi wakavunjika moyo. Lakini katika jaribio hilo wengi walikuwa wameanza dawa wakati mimba imekwisha kukua.

Wataalamu hawakuacha. Mwaka 2017 yakatolewa matokeo ya jaribio lililoongozwa kutoka London. Akina mama waliopimwa na kuonekana wana hatari kubwa walianza dawa kati ya majuma 11 na 14, wakameza miligramu 150 kila usiku hadi juma la 36. Kati ya 822 waliopewa kidonge kisicho na dawa, 35 walipata ugonjwa ule mbaya unaomlazimisha mtoto kuzaliwa kabla ya majuma 37. Kati ya 798 waliopewa aspirini, ni 13 tu. Aspirini haikuuzuia ugonjwa unaokuja mwishoni kabisa mwa mimba, wala hatuwezi kusema kwamba kila aimezaye ataokoka. Lakini aina ile inayoua zaidi na kuzaa watoto njiti ilipungua kwa zaidi ya nusu. Na mwaka 2020 jaribio jingine la wajawazito wa mara ya kwanza karibu 12,000, wakiwamo wa Kenya, Kongo na Zambia, lilionyesha kwamba aspirini ndogo iliyoanzwa mapema ilipunguza kuzaliwa kwa watoto kabla ya wakati, kutoka 13.1 hadi 11.6 katika kila 100. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2011 limependekeza miligramu 75 kila siku kwa mama mwenye hatari kubwa, zianzwe kabla ya majuma 20.

Sasa tuchukue mfano wa nyumba iliyo Terrat, kusini ya jiji la Arusha, mahali ambapo Mlima Meru huonekana kwa mbali juu ya mji. Kifafa cha mimba kikimshika mama usiku, shuruti litafutwe gari, wazee waamshwe, mtu abaki na watoto, ndipo safari ya kuvuka mji kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa, Mount Meru, ianze. Kila hatua ni dakika. Mama huyo huyo, kama angekwenda zahanati katika mwezi wake wa pili au wa tatu, akapimwa presha na mkojo, akaeleza yaliyompata katika mimba ya nyuma, angeweza kupewa kidonge ambacho bei yake ni ndogo kuliko nauli ya usiku ule.

Je, mbona hawendi mapema? Uchunguzi wa taifa letu wa miaka 2015–16 ulionyesha kwamba katika kila akina mama 100, ni 24 tu waliohudhuria kliniki mara ya kwanza kabla mimba haijatimiza miezi 4. Hesabu hiyo imepanda tangu hapo, lakini wengi wangali wanachelewa. Wengine hungoja idhini ya mume au ya mama mkwe. Wengine huificha mimba changa kwa kuogopa jicho la hasidi. Sisi hatumkatazi mtu kumwomba Mola wake ulinzi, bali tunamkumbusha kwamba muuguzi si hasidi. Kuwaficha majirani ni hiari yako. Kumficha mpimaji ni kujinyima kinga. Dini yetu imetufundisha kumfunga ngamia kwanza, kisha kumtegemea Mwenyezi Mungu. Kliniki ya mapema ndiyo kamba yenyewe.

Swali jingine huja kila Ramadhani: dawa hii yaharibu saumu? Kidonge ni kimoja kwa siku, na usiku ndio wakati wake mzuri, baada ya kula. Mwenye kufunga aweza kukimeza baada ya futari, wala hana sababu ya kukiacha mwezi mzima. Tena mjamzito anayechelea nafsi yake au mtoto wake amepewa ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Naye mwenye presha amwulize daktari kwanza kabla ya kutia nia.

Twaonya pia. Mtu asikimbilie duka la dawa akajinunulia. Vidonge vya kichwa huwa na miligramu 300, na hicho si kipimo tunachokisema. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa kutoka damu, mwenye pumu inayochochewa na aspirini, au ambaye mwili wake huikataa, asiimeze. Dawa nyingine za maumivu si badala yake. Daktari ndiye atakayesema nani aanze, kiasi gani, na lini aache. Wala kidonge hakiondoi haja ya kupimwa presha kila mara aendapo kliniki.

Na hata aliyemeza dawa, akiumwa na kichwa kisichopoa, akiona ukungu au vimulimuli machoni, akiumwa chini ya mbavu upande wa kulia, au akivimba uso na mikono ghafula, apelekwe hospitali saa ile ile. Huko iko sindano ya magnesiamu ya kuzuia kifafa, na madaktari wataamua kama mtoto azaliwe.

Enyi vijana mliooa, neno la mwisho ni lenu. Mwulizeni mke: mimba iliyopita ilikuwaje, presha ilifika ngapi? Itunzeni kadi ya kliniki kama mtunzavyo hati ya kiwanja, na mimba mpya ikiingia, ipelekeni kadi hiyo pamoja naye kabla mwezi wa tatu haujaisha. Nanyi mama wakwe, mwanamke akisema anakwenda kupimwa, mshikieni mtoto, mpeni nauli. Mwenyezi Mungu awahifadhi mama zetu na vizazi vyao. Amin.