Bandu bandu humaliza bando

Waliosema kwamba bandu bandu huisha gogo hawakuwa na simu ya mkononi, lakini usemi wao unazifaa sana jamii zetu za leo. Hebu chukua mfano wa mama anayeuza mboga sokoni mjini Machakos. Jumatatu asubuhi anamtumia bintiye aliye chuoni pesa za kununulia gigabaiti moja ya data. Jumatano jioni binti anapiga simu kwamba bando limekwisha, na fomu ya mkopo wa HELB bado haijajazwa. Mama anauliza, "Kwani mwanangu, ulikuwa ukifanya nini na hizo zote?" Binti anaapa kwamba hakutazama hata sinema moja. Mama haamini. Hapo ugomvi huzuka, ilhali huenda binti anasema kweli tupu.

Ndugu msomaji, kila ukurasa unaoufungua kwenye intaneti una uzito wake. Maneno pekee ni mepesi mno. Kinachoongeza mzigo ni picha, video, matangazo ya biashara na programu ndogo ndogo zinazofanya kazi chinichini. Ukurasa wa kawaida siku hizi huwa na megabaiti 2 hivi. Kwa hivyo gigabaiti moja, ambayo ni takriban megabaiti 1,000, yaweza kukufungulia kurasa kama 500. Hizo si haba. Lakini kampuni ya Netflix yenyewe inaeleza kwamba saa moja ya filamu kwa kiwango cha wastani hula hadi gigabaiti 0.7, na kwa kiwango cha juu hadi gigabaiti 3. Yaani bando zima la binti yetu huenda lisimalize saa moja na nusu.

Walioonja intaneti katika miaka ya tisini, ilipokuwa ikienda mwendo wa kobe, walikuwa na desturi ya kuzima picha ili ukurasa ufunguke upesi. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka wa 2009, mwendo ukaongezeka na desturi hiyo ikasahaulika. Hata hivyo, data bado inanunuliwa, tena inatozwa kodi. Ushuru wa bidhaa kwenye huduma za data ulipandishwa hadi asilimia 20 mwaka wa 2021, kabla ya kuteremshwa hadi asilimia 15 mwaka wa 2023. Yafaa basi turudie adabu ya kale.

Kwanza, tazama ni nani anayekula. Fungua mipangilio ya simu, nenda mahali pa matumizi ya data, na utaona kila programu na kiasi ilichotumia. Wengi hushangaa kukuta mlaji mkuu ni programu ambayo hawajaigusa wiki nzima. Simu za Android kuanzia toleo la 7, lililotoka mwaka wa 2016, zina swichi ya kiokoa data. Ukiiwasha, programu usizozitumia wakati huo huzuiwa kunyonya data kwa siri.

Pili, kifunge mdomo kivinjari chako. Chrome ina tabia ya kupakia mapema kurasa inazodhani utazifungua. Izime katika mipangilio. Kwenye kompyuta, Chrome hukuruhusu pia kuzuia picha kabisa, na Firefox hukuruhusu kuzuia video zinazojichezea zenyewe. Zamani Chrome ya simu ilikuwa na njia yake ya kubana data, lakini Google iliiondoa mwaka wa 2022, ikisema kwamba bei ya data imeshuka katika nchi nyingi. Muuza mboga wetu angekuwa na la kusema kuhusu hilo!

Tatu, wapo wanaotumia Opera Mini. Kivinjari hiki hupitisha ukurasa kwenye mitambo ya kampuni ya Opera, ukakamuliwa hadi ukawa mdogo, ndipo ukatumwa kwako. Kwa kusoma habari au kutafuta maana ya neno, ni msaada mkubwa. Lakini jihadhari. Kubana kwa kiwango cha juu kabisa ni kama mzigo unaofunguliwa njiani kabla ya kukufikia. Usikitumie hivyo kwa mambo ya benki, eCitizen au HELB. Kwa shughuli za nywila na fomu, tumia kivinjari cha kawaida.

Nne, vijana wengi hufuta kumbukumbu ya kivinjari kila siku wakidhani wanaokoa data. La hasha! Picha zilizohifadhiwa humo ndizo zinazokuepusha kuzipakua upya. Ukizifuta, utazilipia mara ya pili.

Tano, na hapa ndipo wanafunzi wengi huumia: kompyuta iliyounganishwa na simu. Mara nyingi kompyuta hiyo hudhani imepata waifai isiyo na mwisho, ikaanza kupakua masasisho ya mamia ya megabaiti huku mwenyewe akiandika insha. Kwenye Windows, fungua mipangilio ya mtandao huo na uiambie kompyuta kwamba data hii inapimwa. Kazi ya dakika moja tu. Huenda huko ndiko gigabaiti ya binti yetu ilikopotelea.

Hali kadhalika, zuia WhatsApp isipakue yenyewe kila picha na video ya kila kundi, na uiweke YouTube katika hali ya kuokoa data. Ukiwa maktabani chuoni penye waifai, pakua notisi na kurasa unazozihitaji, uzisome baadaye bila mtandao.

Kununua nako kuna busara yake. Mwaka wa 2019 Safaricom ilianzisha mabando yasiyo na tarehe ya kuisha. Bando la saa 24 huwavutia wengi kwa bei, lakini kwa anayelinunua usiku kisha akalala, rahisi hiyo ni ghali. Piga hesabu ya siku zako kwanza.

Enyi wazazi, kabla ya kumwita mtoto mwongo, keti naye mtazame pamoja ile orodha ya matumizi ya data. Nanyi wanafunzi, kumbukeni kwamba gigabaiti hiyo ilitoka kwenye mafungu ya sukumawiki. Fomu ya mkopo ina siku yake ya mwisho, na siku hiyo haimsubiri aliyeishiwa na bando. Jazeni fomu kwanza, vichekesho baadaye.