Matembezi ya Familia ni Afya, Wala Si Anasa

Kila likizo ya shule inapokaribia, wazazi wengi hutuambia kliniki kwamba watoto watabaki ndani kwa sababu hakuna pesa za kuwatembeza. Tukiuliza ni pesa za nini, hutajiwa hoteli, bwawa la kuogelea, chipsi, na soda kwa kila mtoto. Kwa maoni yetu sisi wauguzi, matembezi ya namna hiyo ni ghali na faida yake kiafya ni ndogo. Chupa moja ya soda ya nusu lita huwa na sukari zaidi ya vijiko kumi vya chai. Afadhali pesa hiyo iwe nauli.

Kwa nini tunalitaja jambo hili katika ukurasa wa afya? Kwanza, mwili wa mtoto unahitaji mwendo. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wajishughulishe kwa mwili angalau dakika 60 kila siku kwa wastani. Mtoto anayeshinda mbele ya televisheni au simu hawezi kuzifikia. Pili, moyo wa mtoto unahitaji kusikilizwa. Wazazi wanaorudi jioni wamechoka husema na watoto kwa amri tu: oga, kula, lala. Lakini mkitembea pamoja polepole, mtoto hufungua kinywa na kueleza hata yale yanayomtisha. Asiyesikilizwa na wazazi wake atatafuta wa kumsikiliza kwingine.

Sisi wa Mombasa tuna bahati. Baada ya Misa katika Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, ni mwendo mfupi tu hadi Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Kuingia kuna kiingilio, hivyo ulizeni bei mapema; lakini kuzitazama kuta zake kutoka nje ni bure. Waelezeni watoto kwamba Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, na kwamba wengi waliokuwa ndani waliuawa na maradhi na njaa. Hapo mtoto ataelewa kwa nini tunahimiza maji safi na usafi kuliko kwa hotuba ndefu.

Kutoka hapo ingieni Mji wa Kale kwa barabara ya Ndia Kuu. Wapeni watoto kazi ya kuhesabu milango ya nakshi. Vaeni kwa heshima na msiwapige picha wenyeji bila ruhusa, kwa maana hapo ni majumbani mwa watu. Siku nyingine nendeni Mama Ngina, mahali palipotengenezwa upya mwaka 2019, mkae chini ya mibuyu na kutazama meli zikiingia bandarini. Au vukeni Likoni kwa feri, ambako mwenda kwa miguu halipi kitu. Kwa mtoto mdogo, kuvuka na kurudi ni safari kamili.

Yapo mambo manne ya kuangalia. Chukueni maji ya kunywa yaliyochemshwa kutoka nyumbani. Chakula kiwe kile kisichoharibika upesi, kama vile mihogo, mahamri, ndizi na machungwa. Mkinunua njiani, chagueni kinachotoka motoni wakati huo huo, na wote wanawe mikono kwa sabuni. Jua la saa sita hadi saa tisa mlikwepe, au mkae kivulini. Tena mkifika ufukweni, mtu mzima mmoja awe na kazi moja tu ya kuwaangalia watoto, naye asishike simu. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele, na dakika chache hutosha kumpoteza.

Akina baba tuna neno nanyi. Matembezi yanayomwamsha mama alfajiri kupika, kisha yakamrudisha usiku kwenye rundo la nguo za kufua, si mapumziko kwake. Gawaneni kazi hizo siku moja kabla, na mtoto mdogo abebwe na baba. Watoto wakiwaona wazazi wao wakisaidiana njiani, wamepata katekesi ambayo hawatapewa darasani.

Jumuiya Ndogo Ndogo nazo zinaweza kuchukua jambo hili. Familia nne au tano zikitoka pamoja, nyumba ya mjane haitaachwa nyuma, wala mtoto mwenye ulemavu ambaye mara nyingi hufichwa ndani siku ambayo wenzake wanatembezwa. Yeye pia ana haki ya kuiona bahari. Na wale wenye kusimamia mahali pa umma, tunawaomba waweke vyoo safi na maji ya kunawa, maana familia zisizo na uwezo hazina mahali pengine pa kwenda.

Basi, kabla likizo haijaisha, chagueni Jumapili moja. Msingojee pesa nyingi. Watoto wanakua haraka, na umri wa kutembea wakiwa wamemshika mzazi mkono haudumu.